Utawala wa kifedha si kuchuna buzi

Kila hesabu za OnlyFans zinapotangazwa London, zinasomwa kwa namna moja tu kwenye simu zetu. Za mwaka ulioishia Novemba 2024 zilionyesha kwamba wateja wa jukwaa hilo la mtandaoni, ambako watu hulipia picha, video na mazungumzo, mengi yakiwa ya ngono, walitumia zaidi ya dola bilioni 7, na kampuni ikakata asilimia 20 kabla ya kuwapa wenye akaunti kilichobaki. Hapo huanza video fupi za Kiswahili zinazowaambia mabinti kwamba Ulaya na Marekani kuna wanaume wanaolipa ili watukanwe na kuamrishwa tu, bila kuonana na bila kuvua nguo, na kwamba kazi hiyo ina jina: findomu, kifupi cha maneno ya Kiingereza financial domination, yaani utawala wa kifedha. Wakosoaji nao hujibu kwamba huo ni wizi wa kisasa, au wendawazimu wa Wazungu, au vyote viwili. Pande hizo zinapigana, lakini kuna jambo moja zinalokubaliana bila kujua: kwamba hiki ni kile kile tulichokiita siku zote kuchuna buzi, ila safari hii buzi yuko mbali na analipa kwa kadi.

Naona wote wamepotea njia mahali pamoja. Anayechuna buzi anaishi kwa sababu buzi hajui. Buzi anaamini anapendwa, anaamini shangazi wa yule dada kweli amelazwa, anaamini kodi ya chumba kweli imepanda. Siku akijua, biashara imekwisha. Katika utawala wa kifedha mtoaji hafichwi kitu. Anajua hapendwi kwa maana hiyo, anajua pesa inakwenda kununua viatu, na kule kujua ndiko anakokulipia. Kinachomvutia ni kujisalimisha mbele ya mtu anayechukua bila kuomba radhi. Kwa hiyo uhusiano huu haupimwi kwa kuuliza nani anamdanganya nani. Hoja yangu ni kwamba unawafaa wote wawili pale tu ambapo kikomo cha pesa kimewekwa nje ya mchezo, na watu wazima wawili walio sawa, kabla mmoja hajapanda kiti na mwingine hajapiga magoti. Na kwamba kazi ya kukilinda kikomo hicho inamwangukia anayepokea kuliko anayetoa. Sehemu ya pili ndiyo inayowaudhi watu, nami nitaitetea.

Kwanza maneno. Anayepokea mara nyingi ni mwanamke, ingawa jambo hili lipo sana pia baina ya wanaume kwa wanaume, na huitwa bibi, malkia, hata mungu wa kike. Anayetoa huitwa nguruwe wa kulipa, tusi ambalo yeye mwenyewe huliomba, na ambalo likiletwa kwenye Kiswahili linakuwa kichekesho au kufuru kulingana na mtaa wa msomaji. Wengine hutumia neno mtumwa. Kwetu Pwani hilo si neno la kuchezea, kwa hiyo hapa nitasema mtawala na mtoaji. Pesa ya kwanza ya kujitambulisha ni ushuru wa heshima, na kutoa mfululizo mpaka mfuko ulie ni kukamuliwa. Wengi wa watu hawa hawakutani hata siku moja. Wengine ni wapenzi au mke na mume wanaolala kitanda kimoja, ambapo mmoja hukabidhi mshahara na kupewa posho. Makundi haya mawili hutajwa kwa pumzi moja, lakini hatari zao hazifanani, na nitarudi huko.

Msomaji anayedhani jambo hili limezaliwa na intaneti arudi mwaka 1869. Desemba mwaka huo mwandishi wa Kiaustria, Leopold von Sacher-Masoch, ambaye daktari Richard von Krafft-Ebing baadaye alilichukua jina lake kutunga neno la kitabibu la mtu anayefurahia kutiishwa, alitia saini mkataba na mwanamke aliyeitwa Fanny Pistor. Kwa miezi sita angekuwa mtumishi wake na kutii kila amri. Ukiusoma haraka utaona mtu aliyejitupa. Lakini mkataba huo una masharti upande wa pili pia. Bibi hakuruhusiwa kumwamuru jambo la kumvunjia heshima kama mtu au kama raia. Ilimpasa kumwachia saa sita kila siku afanye kazi zake. Tena hakupaswa kuzitazama barua wala maandishi yake. Angalia alichokilinda mtu huyu ambaye dunia nzima inamkumbuka kwa kutojilinda: saa za kalamu, yaani riziki yake, na faragha ya karatasi zake. Kila kingine alikiweka mezani. Aliweka pia tarehe ya mwisho.

Huku kwetu tulikuwa na utaratibu wa kutoza ambao unasaidia kufikiri, japo haukuwa na uhusiano wowote na mapenzi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watemi wa Ugogo: vitambaa, shanga, nyaya. Wasafiri wa Kizungu waliulalamikia sana utaratibu huo na kuuona unyang'anyi mtupu. Hata hivyo hongo ilijadiliwa, wakati mwingine siku nzima, na aliyelipa alipata njia na maji katika nchi kavu. Mtemi aliyekamua kupita kiasi alijiwekea hatari ya kuona msafara unaofuata ukitafuta njia nyingine. Leo neno hilo hilo limebaki na maana ya rushwa tu. Pesa bado inatoka mkono mmoja kwenda mwingine kama zamani. Kilichoondoka ni mjadala wa wazi na kiwango kinachojulikana. Nikisikia mtu akijisifu kwamba amemkamua mtoaji hadi akauza gari, naona hongo ya aina ya pili imejivika kanzu ya aina ya kwanza.

Sasa hoja za wanaopinga, nami naanza na iliyo nzito. Wanasema hakuna ridhaa ya kweli mtu anapotoa mali chini ya utii, kwa sababu utii wenyewe ndio unaomwondolea uwezo wa kukataa. Mahakama za Uingereza zililikabili swali hili zamani, na halikutoka chumbani kwa mtu. Lilitoka kwenye nyumba ya watawa. Binti mmoja wa ukoo wenye mali, Allcard, alikula viapo vya ufukara na utii mwaka 1871 na kumkabidhi mkuu wa shirika, Bibi Skinner, mali ya takriban pauni 7,000, kiasi kikubwa sana kwa wakati ule. Sheria za shirika zilimkataza kutafuta ushauri wa mtu wa nje bila idhini ya mkuu. Alitoka mwaka 1879, akadai mali yake mwaka 1885, na mwaka 1887 Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi ambao wanafunzi wa sheria, hata wa Dar es Salaam na Nairobi, bado wanausoma. Majaji hawakusema alidanganywa. Walikubali kwamba alitoa kwa moyo wake na kwamba mkuu hakutafuta faida yake binafsi. Walichokiona ni uzito wa utii pamoja na kufungiwa ushauri wa nje, na wakasema zawadi iliyotolewa katika hali hiyo ingeweza kudaiwa. Alishindwa kwa sababu alichelewa kudai.

Naona kesi hiyo inawapa wapinzani nusu ya wanachotaka, na mimi nusu nyingine. Mahakama haikusema kwamba mtu hawezi kumpa mwingine mali akiwa chini ya kiapo. Ilisema kwamba anayepokea kutoka kwa mtu aliye chini ya utii wake ana mzigo wa kuonyesha kwamba yule mtu alikuwa na mahali pa kusimama nje ya utii huo: mtu wa kumuuliza, saa ya kufikiri, mlango wa kutokea. Haikusema kwamba kila mjinga aokolewe na ujinga wake. Ukihamisha hilo kwenye utawala wa kifedha unapata kipimo kizuri kuliko vyote nilivyovisikia. Je, mtoaji anaweza kuongea na rafiki au mhasibu kuhusu pesa zake bila kuadhibiwa? Je, akisema basi, pesa zinasimama siku hiyo hiyo? Mtawala anayemkataza mtoaji kuzungumza na watu wake kuhusu fedha amevuka mpaka hata kama kiasi chenyewe ni shilingi elfu tano.

Sheria ya unyanyasaji wa majumbani ya Uingereza ya mwaka 2021 inaikazia hoja hiyo upande mwingine. Imeutaja unyanyasaji wa kiuchumi kwa jina, ikiueleza kuwa ni mwenendo unaoathiri sana uwezo wa mtu kupata, kutumia au kutunza fedha na mali. Tangu mwaka 2015 kumtawala mwenzi kwa mfululizo wa vitendo vya kumbana ni kosa la jinai nchini humo. Wapenzi wanaoishi pamoja na kucheza mchezo huu wasijidanganye kwamba maneno "tulikubaliana" yanafuta kila kitu. Mume anayekabidhi mshahara wote na kuomba nauli kila asubuhi anaweza kuwa anafurahia. Anaweza pia kuwa amefungwa, na ukitazama dirishani huoni tofauti. Tofauti inaonekana siku anapotaka kuacha. Ndiyo maana nilisema hatari za makundi mawili hazifanani: aliye mbali anaweza kukufilisi, lakini unaweza kumfungia akaunti, aliye ndani anashika pia funguo za nyumba.

Kuhusu wendawazimu sitakaa sana. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulitenganisha hamu isiyo ya kawaida na ugonjwa: hamu hiyo huhesabiwa ugonjwa pale inapomtesa mwenyewe, inapomvurugia maisha au inapomdhuru mtu asiyeridhia. Anayetuma pauni 50 kwa mwezi na kulala vizuri si mgonjwa. Anayekopa ili atume, kisha akalia, anahitaji msaada. Wote wawili wana hamu moja.

Upande wa watetezi una hoja moja ya kweli na moja dhaifu mno. Ya kweli ni kwamba watu wazima hulipia hisia kila siku, nasi hatuwakamati. Mtu hununua tiketi ya mpira, hutunza kwenye taarabu mpaka noti zinadondoka sakafuni, hufanya harusi inayomwacha na deni la miaka miwili, na jirani husema tu kwamba amejitahidi. Anayetunza kwenye taarabu hanunui bidhaa. Ananunua dakika moja ya kuonekana akitoa. Sioni kwa nini dakika hiyo iwe ya heshima ukumbini na ya aibu kwenye simu.

Hoja dhaifu ni ile inayorudiwa kuliko zote: pesa ni zake, akitaka azichome. Inadhani mtu ana nia moja tu. Mtu wa saa sita usiku na mtu wa saa mbili asubuhi wanaishi katika ngozi moja, lakini hawana maoni sawa kuhusu salio. Wenye kamari walilijua hili kabla yetu, na serikali zikafuata nyuma kwa kuchechemea. Aprili 2020 Uingereza ilipiga marufuku kucheza kamari kwa kadi ya mkopo. Tangu Februari 2025 kampuni za kamari za mtandaoni zinapaswa kuangalia dalili za matatizo ya kifedha kwa mteja ambaye amana zake, ukiondoa fedha alizozitoa tena, zimepita pauni 150 ndani ya siku 30. Hakuna aliyesema kwamba mcheza kamari si mtu mzima. Kilichosemwa ni kwamba chombo kinachochochea hamu na kupokea pesa kwa wakati mmoja hakiwezi kuachiwa kiamue peke yake lini inatosha. Mtawala wa kifedha ni chombo cha namna hiyo, tena chenye sauti na jina. Isitoshe, pesa si zake zote. Masurufu ya nyumbani, ada ya mtoto, dawa za mzazi, hizo zina wenyewe hata kama zimelala kwenye akaunti yake. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa wa kwao hawakuulizwa.

Kuna na watetezi wakali zaidi, wanaosema kwamba utawala wenye kikomo ni maigizo: kama mtoaji ameamua mapema kwamba mwisho ni pauni 100, basi anayetawala ni yeye, na bibi ni mfanyakazi wake. Hoja hii inaonekana kali, ila haisimami. Sacher-Masoch alikuwa na saa zake sita na hakuna aliyemwambia alikuwa akiigiza. Mfungaji swaumu anajua saa ya futari, na kujua huko hakuifanyi njaa yake kuwa ya uongo. Ndani ya ile pauni 100 kuna nafasi kubwa ya utawala kuliko wengi wanavyodhani: lini itoke, kwa maneno gani, itumike kwa nini, mtoaji aone risiti au anyimwe hata hiyo, akose kahawa yake ya asubuhi wiki nzima ili itimie. Anayehitaji kumfilisi mtu ili ajisikie ametawala amekosa ubunifu. Anachofanya hata mwizi anakiweza.

Je, kikomo kinawekwaje kwa vitendo? Wanaodumu miaka, kwa ninavyowasoma na kuwasikia, hufanana kwa mambo machache. Wanaanza na kinachobaki baada ya kodi ya nyumba, chakula, madeni, matunzo ya wanaomtegemea na akiba kidogo, na wanachukua sehemu ya kilichobaki, siyo sehemu ya mshahara. Sehemu hiyo huhamishiwa akaunti ya pembeni mwanzoni mwa mwezi, na mtawala hana njia yoyote ya kufika kwenye akaunti kubwa: hana nywila, hana namba ya siri, hana picha ya kadi. Deni halimo kabisa. Kuna ile michezo ya mikataba ya deni, ambapo mtoaji hutia saini kwamba anadaiwa maelfu asiyonayo na kulipa riba ya kubuni. Kwa maoni yangu hiyo ibaki karatasi ya kuchekea au iachwe, kwa kuwa mtu akianza kuiamini hata nusu amekwisha ingia shimoni. Kuna neno la kusimamisha, na likitamkwa pesa husimama bila maswali. Na kuna siku ambayo hawachezi. Siku hiyo huzungumza kama watu wawili wenye majina yao ya kuzaliwa, wanatazama mwezi ulivyokwenda, na kiwango kinaweza kupanda au kushuka siku hiyo tu. Ombi la kuongeza linalotolewa usiku katikati ya mchezo hujibiwa asubuhi.

Kwa nini basi nimtwike mzigo mkubwa anayepokea, wakati mfuko si wake? Kwa sababu mchezo wenyewe umempa usukani. Mtoaji ameomba aondolewe uamuzi. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Ukimwambia ajilinde mwenyewe kila dakika umemrudishia kile kile alicholipa ili akitue. Nahodha hamwambii abiria atazame mawimbi. Na kuna faida ya wazi isiyohitaji utu wowote kuiona: mtoaji wa pauni 80 kwa mwezi kwa miaka minne ameleta karibu pauni 4,000, wakati aliyekamuliwa pauni 2,000 kwa wiki moja huamka na hofu, hufuta akaunti, na wakati mwingine hupiga simu benki.

Hiyo simu ya benki inatuleta kwenye upande ambao video za Kiswahili huuruka kabisa, nao ni upande wa anayepokea. Malipo ya kadi yanaweza kupingwa na mteja kwa wiki nyingi, mara nyingi hadi siku 120, na mtoaji aliyejuta anaweza kurudishiwa fedha ambazo mtawala amekwisha zitumia. PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, hairuhusu huduma nyingi za aina hii, na akaunti ikigunduliwa inaweza kufungwa na salio kuzuiliwa. Agosti 2021 OnlyFans yenyewe ilitangaza kwamba itapiga marufuku maudhui ya ngono ya wazi kwa sababu ya shinikizo la mabenki, ikageuza uamuzi ndani ya wiki moja. Kwa siku hizo sita watu waliojenga riziki yao humo walijifunza kwamba bwana wao halisi ni mwenye mtambo wa malipo. Kodi nayo ipo. Kuita pesa zawadi hakuifanyi zawadi machoni pa mamlaka ya mapato ikiwa inalipwa kwa huduma ya kila wiki, na tangu Januari 2024 majukwaa ya mtandaoni yanatakiwa kukusanya na kupeleka taarifa za mapato ya wauzaji kwa mamlaka ya kodi ya Uingereza. Dada zetu walioko Birmingham au Reading wanaodhani kwamba fedha hii haionekani, wajue inaonekana.

Halafu kuna uchovu. Kuwa mkatili kwa ratiba ni kazi. Mtawala anatakiwa awe na dharau safi saa tatu usiku hata kama mwanawe ana homa, akumbuke nani anapenda kutukanwa na nani anapenda kupuuzwa, na asijibu ujumbe haraka mno maana haraka inashusha hadhi. Watoaji wengine hulipa kidogo na kudai mno: wanalipa pauni 10 na kutaka mazungumzo ya saa tatu, wakijiita watiifu huku wakiongoza kila sentensi. Hao ndio watawala hasa, kwa siri. Uhusiano unaomfaa anayepokea nao unahitaji kikomo chake: saa za kazi, mada asizozigusa, haki ya kumwambia mtoaji kwamba leo hakuna. Wanaoingia kwa sababu ya ile dola bilioni 7 hawalijui hili, kwa hiyo hutuma amri ya "lipa" kwa kila mwanaume wanayemkuta kwenye mtandao wa X, uliokuwa Twitter, hawapati kitu, na huondoka wakisema yote ni uongo. Wamechukua tusi wakaacha uhusiano. Hakuna anayelipa kutukanwa na mtu asiyemjua kabisa. Hilo analipata bure kwenye daladala.

Lazima pia nitenge mambo mawili yanayojibandika hapa. La kwanza ni wakala wanaoajiri watu wa kuandika ujumbe kwa niaba ya mwenye akaunti, kiasi kwamba mtoaji anadhani anajisalimisha kwa mwanamke mmoja kumbe anajisalimisha kwa zamu ya usiku ya vijana watano. Hapo tumerudi kwenye kuchuna buzi moja kwa moja, kwa kuwa biashara inategemea kutojua. La pili ni kutishia kumwanika mtu. Ipo michezo ambayo mtoaji huomba atishwe hivyo, na watetezi huiita ndoto tu. Mimi siikubali hata kwa ridhaa. Mtu aliyekupa picha zake, jina la mwajiri wake na namba ya mkewe amekupa silaha isiyo na kitufe cha kusimamisha, na siku mkigombana neno la kusimamisha halitaizuia. Sheria ya Uingereza ya wizi ya mwaka 1968 inaihesabu kuwa kosa kudai fedha kwa vitisho visivyo halali, na haiulizi kama ulianza kwa kucheka.

Huku Afrika Mashariki hatari imepata umbo lake. Pesa ya simu haina ule ukuta niliousema wa akaunti ya pembeni. Mkopo umekaa ndani ya mfuko huo huo. Tangu 2019 mteja wa M-Pesa nchini Kenya mwenye Fuliza anaweza kutuma asichonacho, na Tanzania kuna Songesha inayofanya kazi kama hiyo. Kidole kilichokwisha zoea kubonyeza "tuma" hakiulizi shilingi hiyo ni ya nani. Mtoaji wa Nairobi au Mwanza anayesema amejiwekea kikomo na hajajitoa kwenye huduma hiyo hajaweka kitu. Isitoshe, ujumbe wa kuthibitisha muamala mara nyingi huonyesha jina la mtu, kwa hiyo ile faragha aliyoilinda Sacher-Masoch inapotea kwenye shilingi mia mbili za kwanza, na inapotea kwa pande zote mbili: malkia naye anajulikana ni binti wa nani.

Majukwaa yangeweza kusaidia. Kuweka kitufe cha mtoaji kujipangia kiwango cha juu cha mwezi, kisichoweza kupandishwa kabla ya siku saba, si kazi kubwa kwa mhandisi. Lakini anayekata asilimia 20 ya kila kinachotumwa hana hamu ya kujenga ukuta huo mpaka alazimishwe, na sioni serikali yoyote yenye haraka ya kuwatetea wanaume wanaolipa ili wadharauliwe. Kazi inabaki kwa watu wawili na siku yao ya kutocheza.

Mtu mmoja ninayemfahamu, dereva wa malori ya masafa marefu huko Ulaya, amekuwa mtoaji wa mwanamke mmoja kwa miaka kadhaa, kwa kiasi ambacho kingetosha mtu wa kawaida kulipia king'amuzi na intaneti. Aliponieleza nilimcheka, kisha nikamuuliza ilikuwaje alipopoteza kazi. Akasema alijaribu kuficha na kuendelea kutuma kutoka kwenye akiba. Bibi aliona ujumbe wake umebadilika, akamuuliza, akamwamuru asitume hata senti moja mpaka apate kazi nyingine, na kila Ijumaa ampelekee orodha ya mahali alipoomba. Miezi mitatu hakuruhusiwa kulipa. Kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kupewa adhabu ngumu kama ile. Aliitimiza yote.